SPIDOMITA YA LORI KUUKUU: DIFU IKIBADILISHWA, GIA YA KEBO NAYO HAINA BUDI IBADILISHWE

Kuna ugomvi ambao huzuka mara kwa mara baina ya mwenye lori na dereva wake, nao ni ugomvi usio na mwizi ndani yake. Lori kuukuu limepelekwa gereji. Difu iliyochakaa imetolewa, na difu nyingine imetiwa mahali pake. Fundi amemwambia mwenye lori kwamba difu hii ni ya mbio kuliko ile ya kwanza, na kwamba katika barabara ya lami itampunguzia gharama ya dizeli. Mwenye lori amefurahi. Baada ya juma moja achukua kalamu na karatasi, atazama kilomita zilizoandikwa na spidomita, atazama risiti za dizeli, na furaha yake yaisha. Zamani lita moja ilimpeleka kilomita 4. Sasa lita moja humpeleka kilomita 3 tu. Mara fikira zake zaenda kwenye mpira wa kunyonyea mafuta na madumu ya njano, na dereva aliyemtumikia miaka mingi aitwa kujieleza.

Dereva hana la kueleza, kwa kuwa hakuiba. Lori nalo halikuzidisha ulaji hata kwa tone moja. Kilichokosea ni gia moja ndogo iliyomo nyuma ya giaboksi, ambayo hakuna aliyeikumbuka siku ile difu ilipobadilishwa.

Jambo hili lawahusu sana watu wa Shika Adabu, mojawapo ya wadi tano za Likoni, ng'ambo ya kusini ya kivuko cha Mombasa. Nyingine ni Likoni yenyewe, Mtongwe, Bofu na Timbwani. Malori ya upande huo hufanya kazi za namna mbili zisizopatana. Asubuhi lori laweza kuwa machimboni huko Waa au Tiwi, likipakia mawe ya matumbawe ya kujengea nyumba, mahali ambapo njia ni ya mashimo na nguvu ya kuvuta yatakiwa kuliko mbio. Adhuhuri lori lilo hilo liko katika lami ya barabara ya Likoni na Ukunda, ama lapanda mlima kutoka Kombani kwenda Kwale, ama lazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu kwenda Miritini bila ya kungojea feri. Difu iliyofaa machimboni huchosha katika lami: injini hupiga kelele na lori haliendi. Ndiyo maana wenye malori huiondoa na kutia nyingine. (Jina la Shika Adabu, kwa hakika, lingefaa kubandikwa kwenye dashibodi ya kila lori lipitalo huko.)

Sababu ya pili ni uhaba wa vipuri. Malori ya Bedford, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa kama punda wa barabara za Kenya, yaliunganishwa Nairobi pamoja na Isuzu katika kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa jina la General Motors Kenya. Kiwanda hicho tangu mwaka 2017 chaitwa Isuzu East Africa. Huko Uingereza, General Motors iliamua kuyaacha malori makubwa ya Bedford mwaka 1986. Mtu mwenye lori la namna hiyo leo hapati difu mpya dukani. Hupata ile iliyotolewa katika lori jingine lililokufa, na difu hiyo huja na meno yake yenyewe, yapatane na spidomita au yasipatane.

SPIDOMITA HUUJUAJE MWENDO?

Watu wengi hudhani kwamba spidomita huhesabu mizunguko ya magurudumu. Katika malori mengi ya zamani sivyo. Nyuma ya giaboksi, kwenye shafti itokayo kwenda kuizungusha propela, imefungwa gia yenye meno yaliyojiviringisha kama ya parafujo. Gia hiyo, ambayo hapa itaitwa gia ya shafti, huuma gia ya pili iliyosimama ubavuni mwake, ambayo hapa itaitwa gia ya kebo. Gia ya kebo huzungusha waya uliosokotwa, uliomo ndani ya bomba linalopindika, nao waya huo ndio uendao mpaka kwenye dashibodi. Basi spidomita huijua propela tu. Yale yatokeayo nyuma ya propela, yaani difu na matairi, haiyaoni kabisa. Huyakisia kwa imani, kama karani aandikaye hesabu ya mizigo ambayo hakuiona ikishuka melini.

Ndani ya spidomita mna vyombo viwili vilivyo mbali mbali, na yafaa msomaji avitofautishe tangu sasa, kwani tofauti hiyo itamsaidia baadaye. Cha kwanza ni tarakimu za kilomita, ambazo madereva huziita maileji. Hizo huzungushwa na gia tupu, jino kwa jino, na haziwezi kuongopa ila kama waya hauzunguki kwa kadiri ipasayo. Cha pili ni mshale. Waya huzungusha sumaku, na sumaku hiyo huzunguka karibu sana na kikombe chembamba cha alumini bila ya kukigusa. Alumini haivutwi na sumaku iliyotulia, lakini sumaku izungukapo huzaa umeme ndani ya kikombe, na umeme huo hukilazimisha kikombe kuifuata sumaku. Springi nyembamba kama unywele hukizuia. Kadiri sumaku izidivyo kuzunguka kwa kasi ndivyo kikombe kiishindavyo springi, na mshale uliofungwa juu yake hupanda. Ufundi huu Mjerumani Otto Schulze aliuandikisha kuwa uvumbuzi wake mwaka 1902, nao haukubadilika sana mpaka spidomita za umeme zilipoenea.

DIFU NA MENO YAKE

Kazi ya difu ni kupunguza mizunguko. Propela huzungusha gia ndogo iitwayo pinioni, na pinioni huzungusha gia kubwa iendeshayo ekseli za magurudumu. Ikiwa gia kubwa ina meno 41 na pinioni ina meno 6, propela haina budi kuzunguka mara 6.833 ili gurudumu lizunguke mara moja. Hiyo ni difu ya nguvu. Ikiwa gia kubwa ina meno 41 vile vile, lakini pinioni ina meno 8, propela huzunguka mara 5.125 tu kwa kila mzunguko wa gurudumu. Hiyo ni difu ya mbio.

Sasa na iangaliwe hali ya lori ambalo difu ya kwanza imetolewa na ya pili imetiwa. Gurudumu laenda kama lilivyokwenda, lakini propela yazunguka mara tatu mahali ilipokuwa ikizunguka mara nne. Spidomita, isiyo na habari ya difu, yaonyesha robo tatu ya ukweli. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, mshale wasimama penye 60. Lori likimaliza safari ya kilomita 100, tarakimu zaandika 75. Lita 25 za dizeli zikichomwa katika safari hiyo, ukweli ni kilomita 4 kwa lita, lakini mwenye lori asomaye 75 hupata kilomita 3. Oili ya injini ambayo yapaswa kumwagwa kila kilomita 5,000 hukaa mpaka kilomita 6,667, na injini huzeeka bila ya mtu kujua kwa nini.

Ugomvi wa dizeli waweza kumalizwa barazani. Madhara mengine hayamalizwi hivyo. Sheria ya Kenya huamuru gari lisizidi kilomita 50 kwa saa katika miji na vituo vya biashara. Dereva wa lori hili, aingiapo mjini na kuuona mshale kwenye 50, yuko katika mwendo wa karibu 67. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 10,000 kwa mtu apitaye kiwango kwa kilomita 16 hadi 20, na 67 hupita 50 kwa 17. Dereva atakayesimamishwa hapo ataapa kwa dhati ya moyo kwamba alikuwa akienda 50, wala hatakuwa mwongo.

Lakini faini si kitu mbele ya breki. Umbali wa kusimama haukui sawasawa na mwendo. Hukua kama mwendo uliozidishwa kwa mwendo wenyewe. Lori lililojaa mawe ambalo, breki zikisha kushika, husimama katika mita 27 kwa mwendo wa 50, hutaka mita 48 kwa mwendo wa 67. Tofauti ya mita 21 ni zaidi ya upana wa barabara na kando zake zote mbili. Dereva mzoefu ameizoea breki yake kwa kuutazama mshale. Hukanyaga mahali alipokanyaga miaka yote, na lori halisimami mahali liliposimama miaka yote.

Tena kuna kidhibiti mwendo, ambacho madereva hukiita spidi gavana. Kwa Tangazo la Sheria namba 161 la mwaka 2003, magari ya abiria, na malori ambayo uzito wake yakiwa matupu wapita kilo 3,048, yalitakiwa yawe na chombo hicho, kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Vingi vya vyombo hivyo hupata habari ya mwendo mahali pale pale ipatapo spidomita. Basi habari hiyo ikipungua kwa robo, kidhibiti kilichopimwa na kutiwa lakiri kwa kilomita 80 huliachia lori liende mpaka karibu kilomita 107. Lakiri ni nzima, cheti kipo, na chombo hakizuii kitu.

Difu ikibadilishwa kinyume, ya mbio ikatolewa na ya nguvu ikatiwa, spidomita husema zaidi ya ukweli. Watu hulipuuza kosa hili kwa kuwa halimpeleki dereva mahakamani. Hata hivyo mteja akodiye lori kwa kilomita atalipa kilomita 133 kwa safari ya 100, na mwenye lori aliye mwaminifu atakuwa amekula haki ya mtu bila ya kukusudia.

KUIJUA DIFU BILA YA KUIFUNGUA

Kabla ya kununua gia yo yote, hapana budi kujua uwiano wa difu ya zamani na wa difu mpya. Mara nyingine hesabu hiyo imepigwa muhuri kwenye kibati kidogo kilichoshikwa na bolti ya difu, au meno yenyewe yameandikwa kwenye gia kubwa, kama vile 41-8. Kibati husaidia, lakini kisiaminiwe upesi. Difu iliyopita mikononi mwa mafundi watatu yaweza kuwa na kibati cha mwenyeji na meno ya mgeni.

Njia ya hakika ni kuhesabu. Lori lisimamishwe mahali tambarare, magurudumu yote yatakayobaki chini yatiwe kabari imara mbele na nyuma, kisha gurudumu la nyuma la upande mmoja liinuliwe kwa jeki, na stendi au kigogo kiwekwe chini ya ekseli. Jeki peke yake haitoshi. Gia iwe nyutro. Katika malori mengine ya zamani breki ya mkono hushika propela yenyewe, kwa hiyo hapana budi iachiliwe, na hiyo ndiyo sababu ya kabari kutangulia. Ichorwe alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Mtu mmoja azungushe gurudumu lililoinuliwa, na mwingine ahesabu mizunguko ya propela.

Hapa ndipo wengi wapoteapo. Kwa kuwa gurudumu la upande wa pili liko chini na halizunguki, difu humpa yule aliyeinuliwa mizunguko yake mwenyewe pamoja na ile ya mwenzake. Basi mizunguko miwili ya gurudumu hilo huhesabiwa kuwa mmoja. Likizungushwa mara 20, ichukuliwe kuwa ni 10. Na ikiwa propela imezunguka mara 51 na robo, difu ni ya 5.125. Fundi asahauye jambo hili atapata nusu ya hesabu, na ataondoka akisema kwamba lori lina difu ya ajabu.

Matairi nayo yana sauti katika hesabu hii. Mtu aliyetoa matairi ya 9.00-20 na kutia ya 10.00-20 ameongeza mwendo wa lori kwa karibu asilimia 4, wala spidomita haikuambiwa. Kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi hakitoshi, kwani tairi lenye mzigo hubonyea. Ni afadhali kupima chini. Lori liwe na mzigo wa kawaida na matairi yawe na upepo wa kutosha. Tairi la nyuma lipigwe chaki hapo ligusapo ardhi, lori lisogezwe polepole mpaka gurudumu limalize mizunguko 10, na umbali upimwe kwa utepe. Na tuseme umepatikana umbali wa mita 32.2, ambao ni wa kawaida kwa matairi ya 10.00-20. Mzunguko mmoja basi ni mita 3.22, na katika kilomita moja gurudumu huzunguka mara 310.6.

Kinachobaki ni kujua spidomita yenyewe yataka nini. Katika spidomita nyingi za Kiingereza za Smiths zipo tarakimu ndogo chini ya uso wa saa, kama 1280 au 1408. Wengi hudhani ni namba ya kiwanda tu. Kumbe ni idadi ya mizunguko ya waya kwa maili moja. Mwenye saa ya maili aigawanye idadi hiyo kwa 1.609 ili apate ya kilomita, na akumbuke pia kwamba mshale wake ukisimama penye 50 lori liko katika kilomita 80 kwa saa. Spidomita za Kijapani kwa desturi hutaka mizunguko 637 kwa kilomita moja. Ikiwa hakuna tarakimu zisomekazo, kebo ifunguliwe upande wa giaboksi, na waya uzungushwe kwa mkono, mizunguko ikihesabiwa, mpaka tarakimu ya mwisho ipande kwa moja. Ni kazi ya kuchosha, lakini haina gharama.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa difu ya zamani, 310.6 mara 6.833 ni mizunguko 2,122 ya propela katika kilomita moja. Ikigawanywa kwa 637, jibu ni 3.33. Maana yake propela yazunguka mara 3.33 ili waya uzunguke mara moja, na hiyo ndiyo kazi ya gia ya shafti yenye meno 6 iumanayo na gia ya kebo yenye meno 20. Kwa difu mpya, 310.6 mara 5.125 ni 1,592; ikigawanywa kwa 637, jibu ni 2.5. Gia ya shafti ikibaki na meno yake 6, gia ya kebo yatakiwa iwe na meno 15.

Mtu ambaye matairi yake hayakubadilika, na ambaye spidomita yake ilikuwa ikisema kweli hapo kwanza, hana haja ya safari hiyo yote. Achukue meno ya gia ya kebo ya zamani, ayazidishe kwa uwiano wa difu mpya, na ayagawanye kwa uwiano wa difu ya zamani: 20 mara 5.125, kugawanya kwa 6.833, ni 15. Difu ya mbio hutaka meno machache kwenye kebo, na difu ya nguvu hutaka meno mengi. Apataye jibu lililo kinyume cha hayo na arudie hesabu kabla ya kwenda dukani.

KUIPATA GIA

Badiliko dogo halina taabu. Difu ya meno 41 kwa 7, yaani 5.857, ikibadilishwa kwa ya meno 39 kwa 7, yaani 5.571, gia ya kebo ya meno 20 yatakiwa iwe ya 19.02. Gia ya meno 19 itakosea kwa sehemu moja tu katika elfu, kosa dogo kuliko lile liletwalo na kuchakaa kwa tairi.

Kutoka 20 mpaka 15 ni habari nyingine. Gia ya meno 15 ni nyembamba, na ikitiwa katika bushi ile ile haitaifikia gia ya shafti. Ama itauma kwa ncha na kunyolewa baada ya siku chache. Bushi nyingi zimetobolewa kando kidogo, si katikati, ili zikigeuzwa ziisogeze gia karibu au mbali, lakini kila bushi ina mpaka wake wa meno. Kwa hiyo gia na bushi yake hununuliwa pamoja. Tena meno hulala upande wa kulia au wa kushoto. Gia iliyolala upande usiopasa haiingii, na isilazimishwe kwa nyundo. Gia za plastiki mara nyingi hutiwa rangi kwa kufuata idadi ya meno, lakini rangi za kiwanda kimoja si za kingine. Yahesabiwe meno.

Kwa lori la miaka 40 gia ya namna hii mara nyingi haipatikani, hata katika gereji za Changamwe ambako malori ni mengi. Fundi mkereza vyuma aweza kuichonga pamoja na bushi yake, kwa gharama isiyo ndogo. Njia ambayo kwa kawaida ni bora ni kutia kijisanduku cha gia baina ya giaboksi na kebo. Kijisanduku hicho hupokea mizunguko na kuitoa ikiwa imezidi au imepungua. Katika mfano uliotolewa, kinatakiwa kile kitoacho mizunguko 4 kwa kila mizunguko 3 kipokeayo. Kile kitoacho 3 kwa kila 4 kitalizidisha kosa, na kwa macho vyafanana kabisa. Viko pia vigeuzavyo upande wa mzunguko, na mtu akikifunga hicho mahali pasipotakiwa mshale hugandamana na sifuri.

Malori yenye difu ya miendo miwili, hasa zile za Eaton, yana shida yake peke yake. Dereva hubadilisha difu kwa kifundo kilicho kwenye mkono wa gia, na kwa hiyo hesabu ni mbili katika difu moja, ilhali spidomita ni moja. Watengenezaji walilijua jambo hili, wakatia kijisanduku cha kebo kiendeshwacho kwa umeme, ili kila difu ibadilikapo hesabu ya kebo nayo ibadilike. Mafundi wakikuta kijisanduku hicho kimekufa hukiondoa na kuiunga kebo moja kwa moja. Tangu siku hiyo spidomita husema kweli katika mwendo mmoja na uongo katika wa pili, na dereva asiyeambiwa hudhani kwamba mshale umeingia wazimu.

Land Rover za zamani nazo hubadilishwa difu, ya 4.7 ikitolewa na ya Range Rover ya 3.54 ikitiwa. Kosa la spidomita hapo hukaribia lile la mfano wa lori. Lakini kuna sharti kubwa zaidi: difu ya mbele na ya nyuma zibadilishwe pamoja. Zikitofautiana, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatashindana mara tu gari litakapotiwa gia ya magurudumu manne.

KUJARIBU BARABARANI

Kazi ikiisha ijaribiwe. Kilomita moja kwa mwendo wa 60 huchukua sekunde 60. Kwa mwendo wa 50, sekunde 72. Kwa mwendo wa 80, sekunde 45. Kwa mwendo wo wote mwingine, 3,600 igawanywe kwa sekunde zilizohesabiwa. Dereva ashike mwendo mmoja bila ya kuongeza wala kupunguza, na mtu mwingine, siye dereva, aangalie saa. Simu ya mkononi ipokeayo ishara za setilaiti huonyesha mwendo ulio karibu sana na ukweli, maadamu barabara imenyooka na ni peupe. Kwa tarakimu za kilomita, safari ya kilomita 10 yatosha. Kutoka feri ya Likoni mpaka Ukunda ni kama kilomita 30, na lori laweza kujaribiwa likiwa kazini bila ya kupoteza siku.

Hapa ndipo ifaapo ile tofauti ya mshale na tarakimu. Vyote viwili vikikosea kwa kadiri moja, kosa ni la gia au la matairi. Tarakimu zikisema kweli na mshale ukaongopa, gia isiguswe: sumaku imechoka au springi imelegea, na hiyo ni kazi ya fundi wa saa za magari. Mshale ukitetemeka, kebo imekunjika au imekauka. Waya utolewe, usafishwe, na upakwe grisi nyepesi kidogo, sehemu ya juu ikiachwa kavu ili mafuta yasipande mpaka kwenye kikombe.

Lori lenye kidhibiti mwendo lirudishwe kwa fundi aliyeruhusiwa na NTSA ili chombo kipimwe upya, wala mwenye lori asikate lakiri kwa mkono wake. Katika daftari la lori iandikwe tarehe, uwiano wa difu mpya, meno ya gia ya kebo, na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Zile kilomita ambazo difu mpya ilitembea na gia ya zamani, kama ni difu za mfano huu, zizidishwe kwa 4 na kugawanywa kwa 3 kabla ya kupanga siku ya kumwaga oili.